Mwanatatu Aliyejifunza Kucheza Ukubwani

Watu wa Mtongwe wakitaka mahamri yaliyoumuka vizuri huenda kwa Mwanatatu kabla jua halijapanda. Ukifika saa tatu umechelewa. Utakuta karai limeoshwa na kufudikizwa ukutani, na mwenyewe amekaa kizingitini anachagua mbaazi za kesho. Kwa miaka mingi hivyo ndivyo alivyojulikana: mwanamke wa maneno machache na mkono mwepesi, miaka arobaini na ushei, aliyeolewa Waa akaachwa bila mtoto, akarudi kukaa katika nyumba ya marehemu mamake. Kwamba leo anajulikana kwa jambo jingine kabisa, hilo lilianza na swali la mtoto wa miaka minne.

Mtoto huyo ni Asmaa, binti wa Swabra, mdogo wake Mwanatatu. Swabra alipata kazi ya nyumbani Doha, mkataba wa miaka miwili, akamwachia dadake mtoto, begi la nguo na maagizo tele: asile pilipili, asilale na nywele mbichi, asitoke nje peke yake. Mwanatatu akayashika maagizo kama alivyoshika kila kitu maishani, kwa mikono miwili. Kila siku akishaswali alasiri alimchukua Asmaa hadi kwenye kiwanja kilicho juu ya pwani, penye kuta za nyumba iliyoanzwa kujengwa ikaachwa, na hapo akasimama kama askari wa lindo.

"Usipande hapo! Utaanguka! Wacha hiyo! Mchanga huo una funza!"

Siku ya tano Asmaa alimwendea, mikono nyuma, akamtazama kwa muda.

"Mamkubwa, mbona huchezi?"

"Mimi mtu mzima."

"Lakini mbona huchezi?"

"Sijui kucheza," akasema Mwanatatu.

"Kwani wewe hukuwa mdogo?"

Alikuwa mdogo, ndiyo, lakini si kwa muda mrefu. Baba alikuwa melini, haonekani ila mara moja kwa mwaka. Mama aliugua miguu, akawa wa kitandani. Mwanatatu alipotimiza miaka minane alifungwa mgongoni nduguye Rashad kwa leso, na tangu siku hiyo mgongo wake haukuwa wake. Wenzake wakicheza kibe, mmoja akifumba macho na wengine wakijificha kisha kuita "Kibe!" wakiwa tayari, yeye alisimama kando akijisukasuka ili mtoto apate usingizi. Rashad alipoanza kutembea, akaja Swabra. Swabra alipoacha mgongo, Mwanatatu alikuwa na miaka kumi na mitatu na alikwisha kukabidhiwa karai. Ukubwa jaa, wasema wahenga, na jaa lake yeye lilifunguliwa mapema.

Hayo yote hakumwambia mtoto. Alisema tu, "Sikuwahi kufunzwa."

"Basi njoo nikufunze," Asmaa akamshika kidole.

Wakaanza na kati. Watoto wawili husimama huku na huku wakirushiana mpira wa matambara, na aliye katikati hukwepa asipigwe. Mwanatatu akasimama katikati, buibui amelikusanya mkononi, uso mzito kama anayekwenda kutoa ushahidi mahakamani. Mpira wa kwanza ukampiga bega. Wa pili akaukwepa, na katika kuukwepa akateleza akakaa chini pwaa! Watoto wakanyamaza wakidhani ameumia. Ndipo kikamtoka kicheko ambacho yeye mwenyewe hakukijua, kirefu, chenye kikohozi ndani yake, hata machozi yakamtoka. Jioni hiyo alirudi nyumbani na mchanga masikioni.

Ni watu wazima wangapi hucheza na watoto? Wengi hurusha mpira mara mbili kisha wakakaa kitako na kutazama simu, au wakacheza huku moyo uko sokoni. Mwanatatu hakujua kufanya jambo nusunusu. Unga aliukanda mpaka ukubali, na mchezo aliuingia vivyo hivyo. Simu yake aliiacha jikoni juu ya kopo la unga. Aliyemtaka alijua pa kumpata. Mtoto akisema, "Mamkubwa, tazama!" yeye alitazama, na akiitwa mara ya ishirini alitazama tena, kwa sababu mara ya ishirini mtoto alikuwa ameruka kwa mguu mwingine, na yeye alikuwa ameona. Siku moja jirani aliyekuja kuazima kinu alimkuta amelala kifudifudi mchangani, yeye na Asmaa na mtoto mwingine aitwaye Luqman, wakifuata kwa macho mstari wa sisimizi waliokuwa wakimburura nzige aliyekufa. Jirani alisalimu mara tatu.

"Ngoja," Mwanatatu alisema bila kuinuka, "wamefika kwenye shimo, nzige hapiti. Twataka kuona watafanyaje."

Walimkata miguu kwanza, kisha wakampitisha. Jirani naye aliinama akaona, ingawa baadaye aliwahadithia watu kana kwamba kichekesho kilikuwa Mwanatatu peke yake.

Maneno yakaenea. Watu walisema Mwanatatu amerudi utotoni, kwamba ni upweke, kwamba ni mambo ya kutozaa. Lakini watu hao hao walianza kuwaacha watoto wao kiwanjani, na baada ya miezi michache wakawa tisa, kumi. Ijumaa moja Rashad, ambaye sasa ni karani bandarini na baba wa watoto wawili, alikuja kumwamkia dadake akiwa na jambo kifuani.

"Dada, watu wasema."

"Wasema nini?"

"Kwamba wakimbia kiwanjani na vitoto, buibui juu, umri huu. Mimi napita, watu wanicheka."

Mwanatatu alikuwa anakatakata vitunguu. Aliendelea kukata. "Nimemvunjia mtu heshima?"

"Si hivyo." Rashad akatazama chini, na alichokisema baadaye kilimshangaza hata yeye. "Sisi hukucheza nasi. Mimi sikumbuki siku hata moja umecheza nami."

"Nitachezaje nawe, Rashad, na wewe uko mgongoni?"

Hakusema kwa hasira. Rashad akanywa chai yake, akaaga. Tangu siku hiyo hakulitaja tena neno la buibui.

Katika watoto waliokuwa wakija alikuwemo Morgan, aliyekuwa akikaribia miaka minne. Mamake, Winfred, Mgiriama wa Kaloleni, alipanga chumba nyuma ya duka la makaa, na alfajiri alivuka feri kwenda kushona nguo katika kiwanda cha Changamwe. Mumewe alikuwa kwenye kazi za ujenzi Malindi. Winfred alimleta Morgan akiwa amechoka naye.

"Huyu ni mkaidi, Bi Mwanatatu, nakwambia mapema. Ukimwita haji. Ukimkataza hasikii. Na kusema hataki, anaunguruma tu. Hata kofi halimsaidii."

"Mwache hapa," alisema Mwanatatu.

Kwa majuma mawili alimwona kama mamake alivyomwona. Kisha ikawa siku ya kibe, na zamu ya kufumba macho ikamwangukia Morgan. Alikwenda ukutani, akafunika uso kwa viganja. Watoto wakatawanyika. Mwanatatu naye akajibana nyuma ya kipande cha ukuta hatua mbili tu kutoka kwa mtoto, magoti kidevuni, yakimwuma.

"Kibeee!" wakaita watoto.

Morgan hakuondoka ukutani. Wakaita tena. Bado. Wakaanza kucheka, "Morgan amelala! Morgan amelala!"

Lau Mwanatatu angekuwa amesimama kando na mikono kiunoni, naye angedhani amelala. Lakini alikuwa amechuchumaa pale chini, uso wake sawasawa na uso wa mtoto, na aliyaona macho yake katikati ya vidole. Yalikuwa wazi. Yalikuwa yakienda huku na huku kwenye mchanga, yakitafuta kivuli, yakitafuta mguu, ishara yoyote. Hakuwa amelala wala hakuwa akifanya ukaidi. Alikuwa akingoja kwa macho kile ambacho wenzake hukingoja kwa masikio.

Mwanatatu akayasahau magoti.

Siku tatu zilizofuata alicheza na Morgan kuliko wote, na katika kucheza akapeleleza. Alijificha nyuma yake upande wa kushoto, akaita, "Morgan, mahamri!" Luqman, aliyekuwa mbali kule, aligeuka mbio, Morgan aliendelea kuchimba. Akaita kwa upande wa kulia, karibu, kwa sauti nzito. Morgan akageuka, akatabasamu, akanyoosha mkono. Akaona kwamba wenzake wakikimbia yeye hutazama nyuso zao kwanza, kisha ndiyo hukimbia, daima nyuma yao kwa nukta moja. Akaona kwamba upepo ukivuma kutoka pwani hata upande wa kulia haupati sauti ya mbali. Na aliona jinsi mtoto yule alivyokuwa mwerevu kuyaficha yote hayo bila kujua kwamba anaficha.

Siku ya nne Winfred alipokuja kumchukua mwanawe, Mwanatatu alimvuta kando.

"Mama Morgan, naona mtoto hasikii vizuri. Sikio la kushoto nadhani halisikii kabisa. Mpeleke wakamtazame."

Winfred alikuwa ameinamia cherehani tangu asubuhi na kwenye foleni ya feri tangu saa kumi. "Unaniambia mwanangu ni kiziwi?"

"Nakwambia nilivyoona."

"Umeona! Hapa kwa michezo ya mchanga ndipo umeona, mimi ninayelala naye sijaona?" Sauti ikapanda, watoto wakasimama. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe umezaa wangapi?"

Akamshika Morgan mkono, akaondoka naye. Mwanatatu alibaki na mpira wa matambara mkononi. Jioni hiyo mboga iliungua jikoni na yeye yuko pale pale.

Siku mbili hakwenda kiwanjani. Alijiambia kwamba ni magoti. Siku ya tatu, baada ya alasiri, watoto walikuja mlangoni kwake, wakapanga mstari, na Luqman akabisha hodi kwa niaba yao.

"Mamkubwa, twakungoja. Tumekosa mmoja wa kati."

Akafunga leso kiunoni akatoka. Lakini kila mchezo ulipoanza alijikuta akihesabu vichwa, na kila mara kichwa kimoja kilipungua.

Juma la tatu lilipokwisha, Jumapili mchana, Winfred alitokea kiwanjani na Morgan. Alikuwa amevaa gauni la kanisani la rangi ya samawati na viatu vya kisigino. Hakusalimu. Alisimama mbele ya Mwanatatu.

"Jana pale kwenye mteremko wa feri," alisema, "nimemwacha mkono kidogo tu nilipe ndizi. Bodaboda ikaja nyuma yake. Ikapiga honi, honi, honi. Mtu mwingine aliyekuwa hapo aliruka mtaroni. Morgan hakugeuka. Hakugeuka, Bi Mwanatatu! Yule kijana wa watu akakata kona, akaanguka yeye na pikipiki yake mchangani. Akainuka. Nikadhani atanitukana. Akaniuliza tu, 'Mama, huyu mtoto hasikii?'"

"Kijana ameumia?"

"Kiwiko tu. Amechubuka kiwiko." Winfred akafuta uso kwa kiganja. "Nionyeshe ulichoona."

Mwanatatu alimtazama, kisha akatazama viatu vyake. "Sikuonyeshi. Vua viatu, ingia ucheze."

"Mimi?"

"Wewe."

Winfred akavua viatu, akaviweka juu ya ukuta. Wakacheza kibe. Morgan akafunika uso, na Mwanatatu akamvuta mamake nyuma ya kile kipande cha ukuta, wakajibana wawili, gauni la kanisani kwenye vumbi. Watoto wakaita. Wakaita tena. Winfred akaona macho ya mwanawe katikati ya vidole, yakitafuta.

Alilia kimya kimya, mabega yakitikisika. Mwanatatu akamwekea mkono mgongoni.

"Nimempiga," Winfred alinong'ona. "Mara ngapi nimempiga kwa kutosikia."

"Hukujua. Sasa wajua. Nyamaza, atatuona, na bado hajatufikia."

Basi wakatulia pale mpaka Morgan alipoondoka ukutani mwenyewe, akawazungukia, akawakuta. Alipomwona mamake amechuchumaa mchangani, miguu mitupu, mashavu yamelowa, aliruka juu akapiga makofi. Hakuwahi kumkuta mahali kama pale.

Juma lile lile walivuka pamoja kwenda hospitali, Winfred akiwa ameomba ruhusa kazini na Mwanatatu akiwa ameacha kukaanga kwa mara ya kwanza tangu msiba wa mamake. Walingoja tangu asubuhi. Daktari wa masikio alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani. Alimwuliza Winfred maswali, na Winfred akajibu aliyoyajua, kisha akasema, "Mwulize huyu. Huyu ndiye anayecheza naye."

Mwanatatu aliona haya, akakaza ukaya wake kichwani. Lakini alipoanza kusema hakusita. Akaeleza kwamba kwa kushoto hapana kitu, hata bati likipigwa. Kwamba kwa kulia husikia hatua tatu, nne kama pametulia, na mbili kama upepo unavuma. Kwamba sauti nzito huipata kuliko nyembamba, ndiyo maana humjibu Luqman, mwenye sauti ya mtu mzima, na hamjibu Asmaa. Kwamba hupenda kuweka kiganja juu ya debe linapopigwa. Kwamba akichoka huacha kutazama midomo, na ndipo watu husema ameanza ukaidi.

Daktari aliacha kuandika, akavua miwani. "Wewe ni mwalimu?"

"La. Nauza mahamri."

"Mengi ya haya mimi ningehitaji siku nzima kuyapata," alisema daktari, "na pengine nisiyapate." Akarudi kuandika, akaandika yote.

Vipimo vikasema vivyo hivyo. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa, huenda tangu kuzaliwa, na la kulia lilisikia nusu. Hapakuwa na dawa ya kulirudisha la kushoto, na Winfred aliambiwa hivyo waziwazi. La kulia lingesaidiwa kwa kifaa, na mtoto aanze darasa la watoto wasiosikia vizuri, ajifunze ishara na maneno pamoja. Ilichukua miezi miwili kifaa kupatikana. Miezi hiyo watoto wa kiwanjani hawakukaa bure. Asmaa ndiye aliyesema kwamba kibe ya kuita haifai, na wakakubaliana kwamba walio tayari watapunga leso juu ya ukuta. Siku za kwanza walibishana sana, maana anayepunga leso hujulikana alipo. Mwishowe wakaamua mpungaji awe Mwanatatu, na kwa hiyo yeye akawa anakamatwa wa kwanza kila siku ya Mungu. Alilalamika kwa sauti kubwa, wala hakuna aliyemwonea huruma.

Winfred naye alianza kuja Jumapili. Hakuwa hodari. Alikimbia kama mtu anayechelewa feri, na mpira wa kati ulimkuta kila mara. Siku moja, wamekaa wanapumua, alimwuliza Mwanatatu ni vipi anaweza, kila siku, baada ya kazi ya alfajiri.

Mwanatatu alifikiri. "Mimi sifanyi kitu kingine," alisema. "Nikiwa kwenye karai niko kwenye karai. Nikiwa hapa niko hapa. Watoto wanajua ukiwa hupo, hata kama umesimama mbele yao." Kisha akainuka, kwani zamu ilikuwa yake.

Kifaa kilikuja mwezi wa Agosti, kidogo kama punje ya korosho, cha rangi ya mchanga. Winfred alimleta Morgan kiwanjani kutoka hospitali moja kwa moja. Watoto wakamzunguka, kila mmoja akitaka kusema naye wa kwanza, na kelele zikawa nyingi. Morgan akakunja uso, akafunika sikio, akajitenga. Wakamwita, hakuja. Winfred akaingiwa na hofu.

"Mwacheni," alisema Mwanatatu.

Mtoto alikwenda mpaka chini ya mikorosho nyuma ya kuta, palipojaa majani makavu. Akapiga hatua moja. Akasimama ghafla. Akatazama miguu yake. Akapiga hatua nyingine, taratibu, shingo imeinama upande wa kulia, na majani yakalia chini ya unyayo wake. Akainua uso kumtafuta mtu wa kumwonyesha, akakuta Mwanatatu tayari anamtazama.

Jua lilikuwa linashuka, na watoto wengine mama zao walikwisha kuwaita wakaoge. Mwanatatu alivua champali zake, akaingia kwenye majani, akakanyaga mara moja. Kraa! Morgan akacheka. Akakanyaga yeye. Wakaenda hivyo, hatua kwa hatua, mmoja akikanyaga na mwingine akisikiliza, wakauzunguka mkorosho wa kwanza, kisha wa pili, na Winfred akakaa juu ya ukuta akawangoja.